Chozi Mkononi mwa Mtoto

Wazazi wenzangu, jioni moja mwanangu aliingia sebuleni na manati shingoni, akanifunulia kiganja. Humo alilala chozi, mdomo mwembamba umepinda, manyoya ya koo yangali yakimetameta. "Baba, nimempata kwa jiwe la kwanza." Alitazamia sifa. Sikumsifu, wala sikumchapa.

Nilimketisha nikamweleza kuwa chozi hunyonya maji matamu ya maua, na anaporuka huchukua chavua toka ua hadi ua, mimea ikapata kuzaa. Nikamsimulia pia habari za chozi wa Amani, aliyepewa jina la Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Dume ana kichwa cha kijani kizito king'aacho na tumbo jeupe. Haonekani duniani kote isipokuwa katika misitu michache ya Tanzania na Kenya, ukiwamo Arabuko-Sokoke karibu na Malindi, naye ameorodheshwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka.

"Basi watoto wa huko wana manati mengi?" akauliza.

Nikamjibu kuwa adui mkubwa si manati, bali shoka. Huko Sokoke ndege huyu hukaa juu kwenye mirihi, na miti hukatwa kwa mbao, vinyago na mkaa.

"Na sisi tunapikia nini, baba?"

Swali hilo lilinikata maini. Gunia la mkaa lilikuwa jikoni, wala sikupata kuuliza limetoka msitu gani. Nilikuwa nikimhukumu mtoto kwa ndege mmoja, ilhali mimi huenda nimeshiriki kuwabomolea wengi makao yao.

Haifai kuwalaumu wakaao kando ya msitu bila kutazama riziki zao. Tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo ulioko Gede umewawezesha wanavijiji kufuga vipepeo na kuuza mabundo yao ng'ambo. Msitu ukisimama, nao wanapata. Usambara nako, msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunjaji naye ajitazame. Tulimzika chozi yule uani, tukapanda juu yake mche wa maua. Manati mwanangu ameyatundika mwenyewe. Nami, kila ninunuapo mkaa, sasa nauliza umetoka wapi. Na muuzaji asipokuwa na jibu, narudi na gunia tupu.