Video ya Harusi Haitunzwi kwa Flashi Moja

Na Zubeda Kilongo

Katika kaya nyingi za mijini Afrika Mashariki, runinga bapa yenye tundu la flashi pembeni imekuwa kitu cha kawaida sebuleni, ilhali video zenye thamani kuliko zote kwa wenye nyumba, kama vile za harusi, za maulidi, za kipaimara na za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki, zimetawanyika katika kanda za VHS, DVD zenye mikwaruzo, memori kadi na simu za watu watatu wanne. Kaya hizo hazikosi fedha kabisa, bali fedha kidogo iliyopo huelekezwa pasipostahili, kwa kuwa watu hukubali kulipia faili lilelile ligeuzwe mara kwa mara huku wakiiona bei ya diski ya pili kuwa ni anasa.

Ili kuelewa kwa nini video hula nafasi kiasi hicho, yafaa kuanza na pikseli, yaani nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Picha moja ya ubora wa juu kamili ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, ambazo kwa jumla huzidi milioni 2, na kwa kuwa kila pikseli huhitaji baiti 3 za rangi, na picha 25 hupita mbele ya macho kila sekunde, saa moja ya video isiyobanwa ingejaza takribani gigabaiti 560. Kinachoiwezesha saa hiyo hiyo kuingia katika gigabaiti 3 au 4 ni kodeki, ambayo ni kanuni ya kubana picha kwa kuhifadhi picha kamili mara chache, kisha kuandika tu kile kilichobadilika kutoka picha moja hadi nyingine. Maharusi wakiwa wameketi jukwaani mbele ya pazia lisilotikisika, pazia hilo huandikwa mara moja na kazi ikaisha. Lakini wageni wanapoinuka kwenda kutunza, noti zikarushwa hewani na taa za rangi zikazunguka ndani ya moshi, kila kitu hubadilika kwa wakati mmoja, na hapo ndipo video iliyobanwa kupita kiasi huanza kuonyesha vijumba vya mraba usoni mwa bibi harusi.

Kodeki iliyoenea zaidi ni H.264 ya mwaka 2003, ambayo karibu kila runinga yenye tundu la flashi huisoma. Iliyoifuata, H.265 ya mwaka 2013, hutoa ubora unaokaribiana na huo kwa takribani nusu ya ukubwa, ila kompyuta ya zamani huchukua saa nyingi kuitengeneza na runinga za zamani haziitambui. Kwa kaya isiyo na fedha ya kubadili vifaa, H.264 ingali chaguo la busara, hata kama wauzaji wa vifaa vipya hawatapenda kusikia hivyo.

Chanzo kikubwa cha hasara, hata hivyo, ni kuchanganya kodeki na kontena. Kontena ni mfuko tu wa kubebea picha, sauti na maandishi ya tafsiri, na mifuko inayojulikana zaidi ni MP4 na MKV; ndiyo maana faili mbili zenye jina la MP4 zaweza kuwa na kodeki tofauti kabisa ndani yake, moja ikacheza na nyingine ikakataa. Mteja anayekwenda dukani kuomba faili la MKV ligeuzwe liwe MP4 mara nyingi hufanyiwa kazi ya kubanwa upya kwa muda mrefu, wakati picha iliyomo tayari ni H.264 na ilichohitaji ni kuhamishwa kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, kazi ambayo programu ya bure ya FFmpeg huimaliza kwa dakika chache bila kupunguza ubora hata chembe. Vivyo hivyo, picha ikionekana lakini sauti isisikike, aghalabu kosa liko katika aina ya sauti ambayo runinga haiisomi, na inatosha kugeuza sauti peke yake huku picha ikiachwa kama ilivyo.

Umuhimu wa jambo hili unatokana na ukweli kwamba kila kubanwa upya huondoa kitu kisichorudi tena, na faili lililobanwa mara tatu huwa limepoteza mara tatu. Pale inapobidi kubana, kazi ianzie kwenye faili la asili la kamera na ifanywe mara moja. HandBrake, ambayo nayo ni programu ya bure, humwezesha mtumiaji kuchagua kiwango cha ubora badala ya kukisia ukubwa wa faili; namba kati ya 20 na 23 hufaa kwa ubora wa juu kamili, ikikumbukwa kwamba namba ndogo ndiyo yenye ubora mkubwa. Huduma ya kuikuza DVD ya zamani iwe ya ubora wa juu, kwa upande mwingine, ni ya kutiliwa shaka, kwa sababu DVD za mfumo unaotumika kwetu zina pikseli 720 kwa 576, na kuzitandaza katika 1920 kwa 1080 huongeza uzito wa faili bila kurejesha sura ambayo kamera haikuinasa. Kanda za VHS ndizo zinazopaswa kutangulia, maana unyevu wa pwani huzipandisha ukungu, na kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki zake, ilikoma mwaka 2016.

Kuhusu kuhifadhi, flashi ni chombo cha kusafirishia tu, kwani chembe zake hushikilia data kwa chaji ya umeme inayovuja polepole. Nyingi huja zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili lolote linalofikia gigabaiti 4 hata kama nafasi ni tele, na dawa yake ni kuipanga upya kwa exFAT, iwapo runinga inaisoma, baada ya kuhamisha vilivyomo kwa kuwa kupanga upya hufuta kila kitu. Zipo pia zinazouzwa barabarani kwa bei ya kutupa zikijitangaza kuwa na terabaiti 2, ilhali ndani yake kuna kipande kidogo kilichofundishwa kusema uongo; faili huonekana kuingia, kisha hufunguka zikiwa tupu. Programu ya H2testw huifichua hila hiyo kwa kuijaza flashi yote na kuisoma upya.

Diski ngumu ya nje ya terabaiti 1 hubeba takribani saa 270 za video yenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, ambazo ni nyingi kuliko sherehe za ukoo mzima. Udhaifu wake ni kwamba ni mashine yenye sahani inayozunguka, na anguko moja kutoka mezani laweza kuimaliza. Kwa hiyo diski moja, hata iwe ghali namna gani, si hifadhi. Zinunuliwe mbili za bei nafuu, moja ikakae kwa shangazi au kwa kaka mkubwa, na zote zifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Hifadhi ya mtandaoni inayotolewa bure na Google ni gigabaiti 15 kwa barua pepe, picha na nyaraka zote pamoja, yaani saa nne hivi za video ya kiwango hicho, na kuipakia ni gharama ya bando.

Kamati za harusi, ambazo hujadili rangi ya mapambo kwa majuma kadhaa, ziongeze kipengele kimoja katika makubaliano na mpiga video: fungu la mwisho la malipo lisitolewe mpaka familia ikabidhiwe video iliyohaririwa kwa ubora wake kamili pamoja na faili za asili za kamera, na zinakiliwe katika diski mbili kabla mpiga video hajaifuta memori kadi yake kwa ajili ya kazi ya Jumamosi inayofuata.