Mwenye Kupita Njia Ana Deni Nayo

Msimu wa masika uliopita niliandamana na wanafunzi wa chama cha mazingira katika ziara ya msitu mmoja ulio pembezoni mwa jiji la Nairobi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njia tuliyoifuata, ambayo miaka michache tu iliyopita ilikuwa na upana wa hatua moja, ilikuwa imegeuka mfereji wa matope. Kila mpita njia alikuwa ameukwepa mfereji huo kwa kukanyaga majani ya pembeni, na kwa kufanya hivyo akauongezea upana. Mahali njia hiyo ilipoanzia palikuwa na tangazo lililobandikwa ubaoni: chama cha waendeshaji wa baiskeli za milimani kilikuwa kikiomba michango ya kukarabati njia za msitu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alilisoma, akanigeukia, akaniuliza: "Mwalimu, hawa wana baiskeli za maelfu ya shilingi. Mbona watuombe sisi pesa za kutengeneza mahali pao pa kuchezea?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilisema tu kwamba tungelizungumzia jambo hilo darasani, kama tufanyavyo sisi walimu tunapobanwa. Lakini swali lile limenikaa moyoni, na leo ningependa kulijibu hadharani, kwa sababu ndani yake mna haki na mna kosa pia.

Tuanze na haki. Katika nchi yetu baiskeli haikuja kama mchezo. Ilikuja kama punda wa chuma. Ile baiskeli nzito tuliyoizoea kwa jina la Black Mamba imebeba maziwa, maji, mahindi na makaa. Imempeleka mgonjwa zahanati, na imemfikisha mwalimu shuleni kabla ya kengele. Pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndiko vijana walikobeba abiria kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, na ndiko lilikotoka jina la boda boda kabla pikipiki hazijalitwaa. Mtoto aliyelelewa na baiskeli ya namna hiyo anapoona nyingine, yenye bei ipitayo mshahara wa mwalimu wa miezi kadhaa, ikibebwa juu ya gari ili ikaendeshwe msituni kwa starehe, hana budi kushangaa. Pengo hilo lipo, na wanaochangisha fedha wasijifanye hawalioni.

Sasa tuje kwenye kosa. Kosa la mwanafunzi wangu lilikuwa kudhani kwamba njia ya msituni ni uwanja wa mtu fulani. Njia haina mwenyewe mmoja, na kwa sababu hiyo hiyo huharibika upesi. Kila mtu huipita akidhani kuna mwingine anayeitunza. Yule mama apitaye na mzigo wa kuni, mwanafunzi akataye msitu kwenda shule, mkimbiaji, mchungaji na mwendesha baiskeli, wote huondoka na chembe ya udongo nyayoni au tairini. Hakuna anayeirejesha.

Hata hivyo, adui mkubwa wa njia si kiatu wala tairi, bali ni maji. Tairi hulegeza udongo, maji huubeba. Njia iliyochorwa moja kwa moja kutoka kileleni hadi bondeni ni mwaliko kwa mvua. Maji yakishaipata hayaiachi, hushika kasi, huchimba, na baada ya misimu kadhaa iliyokuwa njia huwa korongo. Ndiyo maana wajenzi wa njia za baiskeli hufuata kanuni mbili ambazo mwalimu wa hisabati anaweza kuzifundisha kwa dakika kumi. Ya kwanza ni kwamba ukali wa njia usizidi nusu ya ukali wa mteremko inaoukata. Mteremko ukiinuka mita 16 kwa kila mita 100, njia isiinuke zaidi ya mita 8. Ikizidi hapo, maji hayaikati njia na kwenda zake, bali huifuata. Ya pili ni kwamba, kwa wastani, njia isizidi mwinuko wa asilimia 10. Juu ya hayo, ukingo ulio upande wa bondeni huinamishwa kidogo ili maji yamwagike, na kila baada ya hatua kadhaa njia hushushwa kisha ikapandishwa tena ili maji yaliyojikusanya yapate pa kutokea.

Je, elimu hii ni ngeni kwetu? Hasha! Katika vilima vya Machakos, vikundi vya mwethya, ambavyo aghalabu vilikuwa vya akina mama, vilichimba matuta kukata miteremko, vikitupa udongo upande wa juu wa mtaro. Hapo ndipo lilipotoka jina la "fanya juu", jina la Kiswahili ambalo leo limo katika vitabu vya wataalamu wa udongo kote duniani. Akina mama wale hawakuwa na baiskeli, lakini walijua vyema kwamba maji yasipoonyeshwa njia hujitafutia yenyewe.

Kazi hiyo ya kuyaonyesha maji njia ndiyo inayogharimu. Yahitaji majembe, sururu, mawe, mbao za vidaraja, na zaidi ya yote mikono ya watu inayostahili kulipwa. Wala haifanywi mara moja ikaisha, kwa kuwa kila masika huleta ufa mpya. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Harambee ya kuziba nyufa za njia, kwa hivyo, si mzaha wala si anasa. Ni busara ile ile iliyojenga shule nyingi ambazo ninyi wasomaji mnafundisha au mnasoma ndani yake.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini basi waendeshaji baiskeli ndio waongoze mchango huo? Jibu lipo katika historia ya mchezo wenyewe. Baiskeli za milimani zilizaliwa katika wilaya ya Marin, jimbo la California nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu za tairi nene, wakaziteremsha milimani kwa kasi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano karibu na mji wa Fairfax, yakaitwa Repack, kwa kuwa breki ya gurudumu la nyuma ilipata moto hata ikaunguza grisi yote, ikalazimu itiwe grisi mpya baada ya mteremko. Ilikuwa furaha ya vijana, na kama ilivyo furaha nyingi za vijana, haikumfikiria jirani.

Majirani walikuwapo. Watembeaji kwa miguu na wapanda farasi walilalamika kwamba wanashtushwa, wanasukumwa pembeni, na njia zao zinachimbuliwa. Katika miaka ya 1980 njia nyingi zilifungiwa baiskeli, na mwaka 1984 Idara ya Misitu ya Marekani ikazipiga marufuku katika maeneo yaliyotengwa kisheria yabaki katika hali yake ya asili. Hapo ndipo waendeshaji walipozinduka. Mwaka 1988 vyama kadhaa vya California viliungana vikaunda chama kikubwa zaidi, IMBA, ambacho kazi yake ilikuwa kuwafunza wanachama adabu ya njia, kuchanga fedha, na kushika sepetu. Walitambua, japo kwa kuchelewa, kwamba haki ya kupita hailindwi kwa malalamiko bali kwa jasho. Sisi hatuna haja ya kungoja kufungiwa ndipo tujifunze somo hilo.

Na hapa kwetu mifano mizuri haikosekani. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya pamekuwa na mashindano ya baiskeli yaitwayo 10to4, yanayochangisha fedha kwa ajili ya shirika la Mount Kenya Trust. Shirika hilo ni miongoni mwa walioshirikiana kutengeneza ushoroba wa tembo unaounganisha msitu wa mlima na msitu wa Ngare Ndare na maeneo ya Lewa. Ushoroba huo unapita chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru kwa handaki, ambalo tembo walianza kulitumia mwaka 2011. Tafakari jambo hilo, ewe mwanafunzi: watu wanaopenda njia za baiskeli wakachangia kazi za shirika lililosaidia kumfungulia njia tembo. Huo ndio mchango ninaouita mkomavu, mchango unaovuka starehe ya mchangaji mwenyewe.

Karura nako kuna somo. Msitu huo wa zaidi ya hektari 1,000 ungalikuwa leo mtaa wa nyumba za kifahari lau si ukaidi wa Wangari Maathai na wenzake, waliopigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miche. Leo ndani yake mna njia za watembeaji na za waendeshaji baiskeli, na chama cha wapenzi wa msitu huo kimeshirikiana na Shirika la Huduma za Misitu kuutunza. Lakini mwaka 2025, namna ya kukusanya ada za kuingilia msitu huo ilizua mvutano uliofika mahakamani. Simo katika kesi hiyo wala sina hukumu ya kutoa. Ninachokiona ni kwamba wananchi waliolipa ada hawakutaka kuambiwa tu kwamba pesa zao ziko salama. Walitaka kujua zitarudi vipi msituni. Na hiyo ni haki yao.

Kutokana na hayo yote, naona kila chama cha baiskeli kinachopitisha kikapu cha michango kina masharti matatu ya kutimiza kabla ya kutuomba hata shilingi moja.

Kwanza, kimtambue aliyetangulia. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu vyama vya jamii kupewa haki za matumizi ya msitu, na katika orodha hiyo ya haki kuokota kuni, kurina asali na kulisha mifugo kumewekwa pamoja na utalii na burudani. Sheria haikumweka mwenye baiskeli mbele ya mwenye kuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Njia ikikarabatiwa kisha mama wa kuni akafukuzwa kwa kuwa "anaharibu mandhari", mgeni huyo hakuja kuponya. Mwendesha baiskeli ateremkaye na apunguze mwendo, ashuke ikibidi, ampishe mwenye mzigo kichwani, kwa maana yeye ndiye asiyeweza kuruka pembeni.

Pili, kiweke daftari wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaukumbuka vizuri ule wakati ambapo harambee zilijaa mbwembwe za wakubwa, ahadi zikatangazwa kwa vipaza sauti, na mwisho wa yote darasa likasimama bila paa. Chama cha njia kibandike kwenye ubao ule ule wa tangazo kiasi kilichopatikana, kilichotumika kwa mawe, kilicholipwa vibarua, na kilichobaki. Na ikionekana kwamba fulana na medali zimekula zaidi ya majembe, wachangaji wawe na ujasiri wa kuuliza.

Tatu, kishike jembe chenyewe. Fedha pekee hazimfundishi mtu thamani ya njia. Yule aliyekesha na maumivu ya mgongo kwa kubeba mawe hatafunga breki ovyo matopeni siku ya pili, wala hatapita njia mbichi mara baada ya mvua. Na kazi ya kulipwa itolewe kwanza kwa vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu, maana wao ndio watakaokuwapo masika ijayo wakati wenye baiskeli wamerudi mjini.

Walimu nao wana nafasi yao. Njia moja mbovu ni darasa la jiografia kuhusu mmomonyoko wa udongo, la hisabati kuhusu mwinuko, la biashara kuhusu uwekaji hesabu, na la uraia kuhusu mali ya umma. Hata shule isiyopakana na msitu wowote ina njia, ile itokayo langoni hadi barabarani, ambayo kila masika huwatia matope watoto na kila kiangazi huwatia vumbi. Wanafunzi waipime kwa kamba na fito. Wachore pale maji yanapoingilia na pale yanapostahili kutokea. Kisha wachimbe.

Nilirudi na wanafunzi wangu msituni wiki tatu baada ya ziara ile. Tulikuwa na majembe sita ya shule. Wanachama wachache wa kile chama cha baiskeli walitukuta pale, wakatuonyesha mahali pa kukata mfereji, na mzee mmoja wa kijiji cha jirani akatukosoa sote, akatuambia maji ya pale hutoka upande mwingine. Alisema kweli, nasi tukahama. Jioni yule wa kidato cha pili, matope yamemfika magotini, alikuwa amesimama katikati ya njia akimzuia mwendesha baiskeli asiikanyage sehemu iliyokuwa bado haijakauka. "Subiri ikauke," alimwambia. "Hii ni yetu."

Hakuniuliza tena swali lile, nami sikuona haja ya kumkumbusha.