Mbio za changarawe: Mlango uliokuwa wazi Minnesota sasa una mabawabu wawili

Msafiri anayetoka katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, kaskazini mwa Marekani, akielekea kusini mashariki kwa gari, baada ya saa mbili hivi hufika katika vilima ambako barabara za kando hazina lami. Ni barabara za changarawe ya mawe ya chokaa, zilizochongwa ili mkulima afikishe mahindi na maziwa yake sokoni.

Ni katika eneo hilo ambako mwaka 2007 Chris Skogen alianzisha mbio za baiskeli alizoziita Almanzo 100. Masafa yalikuwa maili 100, yaani takriban kilomita 160. Hapakuwa na ada ya kiingilio. Aliyetaka kushiriki alituma kadi ya posta, na jina lake likaandikwa.

Mbio za namna hiyo zilikwisha kuonekana katika jimbo jirani la Iowa mwaka 2005, na huko Kansas mwaka 2006, ambako watu 34 tu walijitokeza katika mbio za kwanza. Hata hivyo, ile kadi ya posta ndiyo iliyoeleza vizuri zaidi maana ya mchezo huu mpya: barabara ni ya umma, na kila mwenye baiskeli na pumzi anakaribishwa.

Suala hili linaihusu Afrika Mashariki kuliko linavyoonekana kwa mbali.

Mbio za kawaida za barabarani, zile za lami, zina ngazi ndefu. Mwendesha baiskeli anahitaji timu iliyosajiliwa, leseni, pointi na kocha anayefahamiana na wakubwa wa Ulaya. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kimchezo na David Kinjah katika eneo la Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne, lakini akiwa na leseni ya Uingereza aliyoichukua mwaka 2008. Vijana aliofanya nao mazoezi hawakuwa na pasipoti ya pili ya kukimbilia.

Katika mbio za changarawe, kinyume chake, bingwa na mwalimu wa shule ya msingi husimama kwenye mstari mmoja, kengele ikalia, wakaondoka pamoja. Kwa mtu wa Narok, Karamoja au Dodoma barabara ya vumbi si burudani ya mwisho wa juma. Ndiyo njia ya kwenda kisimani, shuleni na zahanati. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijawapokonya kazi. Ikiwa kuna mchezo wa baiskeli ambao Mwafrika Mashariki angeuingia bila ugeni, ni huu.

Bawabu wa kwanza: fedha

Lakini mlango haukubaki ulivyokuwa. Kampuni ya Life Time, ambayo makao yake makuu yako Chanhassen, kitongoji cha Minneapolis, ilizinunua zile mbio za Kansas mwaka 2018. Leo zinaitwa Unbound Gravel na huwavuta maelfu ya washiriki, kiasi kwamba nafasi hutolewa kwa bahati nasibu. Mwaka 2022 kampuni hiyo ikaanzisha msururu wa mashindano wenye zawadi za dola 250,000, kwa wanamichezo walioomba na kuteuliwa.

Baiskeli nazo zimebadilika. Salsa, chapa ya kampuni nyingine ya hapo hapo, Quality Bicycle Products ya Bloomington, ilitoa mwaka 2012 aina ya Warbird, miongoni mwa baiskeli za kwanza kuundwa kiwandani mahsusi kwa mbio za changarawe. Baiskeli za kundi hilo leo huuzwa kwa maelfu ya dola.

Si haki kuwalaumu wafanyabiashara hao kwa kila jambo. Zawadi ya fedha ndiyo inayomwezesha kijana asiye na mshahara kuufanya mchezo kuwa kazi, na kadi ya posta hailipi nauli ya ndege. Ila ni vyema ikumbukwe kwamba katika eneo hilo hilo la Minnesota, kwa muda usiozidi miaka 15, kilichokuwa cha bure kimekuwa bidhaa yenye orodha ya walioteuliwa.

Bawabu wa pili: viza

Suleiman Kangangi wa Kenya alilifahamu hilo. Alikuwa amemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017, akaipandia timu ya Bike Aid ya Ujerumani, kisha akaigeukia changarawe akiwa nahodha wa Team Amani, timu ya waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki. Tarehe 27 Agosti 2022, akishindana katika Vermont Overland nchini Marekani, alianguka akiwa katika mwendo wa kasi na kufariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Ili kufika kwenye mstari wa kuanzia, wenzake wanapaswa kwanza kupita ubalozini. Na hapo mambo yamezidi kuwa magumu. Mwezi Juni 2025 Marekani iliwazuia kuingia raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Somalia na Eritrea, na kuwawekea Warundi vikwazo vya sehemu. Msamaha uliotolewa kwa wanamichezo ulitaja Kombe la Dunia, Olimpiki na mashindano mengine makubwa. Mbio za changarawe hazikutajwa kwa jina.

Eritrea ndiyo nchi ya Biniam Girmay, aliyeshinda hatua tatu na jezi ya kijani katika Tour de France ya 2024. Minneapolis nayo ni makao ya jamii kubwa kabisa ya Wasomali nchini Marekani. Amri hiyo moja, basi, inamgusa mkazi wa mtaa wa Cedar-Riverside anayetamani kumpokea nduguye, na kijana wa Asmara anayetamani kushindana Kansas.

Mbio kuwafuata wenyeji

Jibu lililopatikana hadi sasa limetoka Kenya kwenyewe. Mwezi Juni 2021, Mikel Delagrange, mwanasheria Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, pamoja na Kangangi na wenzao, walianzisha Migration Gravel Race katika eneo la Maasai Mara: hatua nne, takriban kilomita 650, kupitia nyanda kame, miinuko ya mawe na vijiji vya Wamasai. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Kama kijana wa Iten au Kampala hapewi viza ya kwenda kupimana nguvu na mabingwa, basi mabingwa na waje. Mzungu hapati taabu kuingia Nairobi.

Nao wamekuja, wakajifunza kwamba mwiba wa mgunga hauheshimu tairi la bei. Wenyeji hushindana bila kutikiswa na safari ya saa 20 angani, na matokeo yao huonekana na wadhamini.

Hata hivyo zawadi kubwa, wadhamini na viwanda vyenyewe vimebaki ng'ambo. Kijana anayeshinda Mara bado atahitaji siku moja kuomba nafasi katika orodha inayoandaliwa Chanhassen, na akishaipata, apange foleni ubalozini.