Likasi: mizani ya mtoto isiondoke na wageni

Madaktari wa kujitolea kutoka ng'ambo wanapofika mitaani, akina mama hupanga mstari mapema, watoto mgongoni. Ni msaada wa kushukuriwa. Lakini mtoto hakui kwa wiki moja. Kalenda ya chanjo nchini Congo inamtaka arudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 kwa surua, ugonjwa uliowaua watoto zaidi ya 7,000 nchini kati ya 2018 na 2020. Wakati huo wageni wamekwisha kwenda.

Katika mji wa madini kama Likasi, ufuatiliaji ni wa lazima zaidi. Utafiti wa Lubumbashi uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha kazi ya baba migodini na kasoro za kuzaliwa kwa watoto.

Anayebaki ni RECO, mjitoleaji wa mtaa, anayepita nyumba kwa nyumba bila mshahara. Timu zinazokuja zifanye kazi naye, na kituo cha afya kiachiwe majina ya watoto wa kufuatiliwa. Sheria ya madini ya 2018 inalipatia jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini. Sehemu yake imlipe RECO. Mgeni husaidia, mlezi ni mwenyeji.