Wastani wa Darasa la Saba si Mizani ya Shule

Yatokapo matokeo ya darasa la saba, katika miji midogo kama Pangani au Kilosa, ambako shule za msingi za serikali ni za kuhesabika na kila mzazi azijua kwa majina, watu huutazama wastani wa kila shule, uliopatikana katika alama 300 za masomo sita, wakakata shauri papo hapo kwamba hii ndiyo shule na ile si shule. Dhana hiyo ni batili, na madhara yake huwashukia watoto wasio na wa kuwasemea. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe, tangu matokeo ya mwaka 2022, liliacha kutangaza shule zilizoongoza. Walimwengu mitaani wakaendelea kuzipanga.

Wastani huo wamhesabu nani? Wamhesabu aliyefika chumba cha mtihani tu. Mtoto aliyekaririshwa darasa la nne, akakata tamaa, akaenda kuchunga ng'ombe au kubeba samaki bandarini, hamo. Basi shule iliyompoteza yaonekana imestawi, ilhali jirani yake, iliyomfuata mtoto kama huyo nyumbani na kumrejesha, yalipa kwa kushuka daraja. Fauka ya hayo, penye watahiniwa 20, watoto wawili wenye homa siku ya mtihani ni sehemu ya kumi ya shule nzima, na penye watahiniwa 150 hawaonekani. Na ziko kambi: shule iliyo karibu na ofisi za wilaya, yenye wazazi wa mshahara, huchangisha unga na fedha, watahiniwa wakalala shuleni wakirudiarudia mitihani ya zamani, wakati mtoto wa mkulima arejea shambani saa tisa. Kinachopimwa hapo, kwa kiasi kikubwa, ni mfuko wa baba.

Lakini lililo zito zaidi ni hili. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku hugawiwa kwa idadi ya wanafunzi, kwa kanuni ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wanapowahamisha watoto kuifuata sifa ya wastani, fedha nazo huhama. Shule iliyoachwa hukosa hata chaki, na iliyokimbiliwa hujaza darasa maradufu ya wale 45 ambao serikali imemwekea mwalimu mmoja. Hivyo dhana yenyewe huizaa tofauti inayodai kuiona.

Atakaye kuzilinganisha shule kwa insafu, na aende mkutano wa wazazi, aulize mbele ya kamati: walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba nyuma walikuwa wangapi, na wangapi wamefanya mtihani? Wa darasa la tatu wasiojua kusoma ni wangapi, na nani amekabidhiwa kuwafundisha? Asipojibiwa, ayapeleke maswali hayo kwa afisa elimu kata, kwa maandishi.