Ujazo Mdogo, Bei Kubwa: Soma Mchoro Kabla ya X

Makamanda, tukisikia "bomoabomoa" tunaamka wote. Picha ya nyumba yenye X nyekundu inazunguka kila grupu, hasira inapanda, kila mtu anakuwa mwanasheria. Katapila likishaondoka, kimya. Leo nataka tuongee kabla ya katapila, maana ile X haianzi ukutani. Inaanzia kwenye mchoro ambao wengi wetu hatujawahi kuomba hata kuuona.

Chukua tangazo lolote la halmashauri la kuuza viwanja. Utakuta ujazo mdogo, ujazo wa kati, ujazo mkubwa, halafu bei kwa kila mita ya mraba. Kijana anasoma "ujazo mdogo" anadhani hicho ndicho kiwanja kidogo cha mtu wa kipato chake. Hapana kamanda. Ujazo ni wa watu, sio wa ardhi. Ujazo mdogo ni watu wachache kwenye eneo kubwa, yaani kiwanja cha mwenye nacho. Ujazo mkubwa ndio viwanja vidogo vilivyobanana. Na ukishajua hivyo, jiulize nani alikaa akaamua kwamba upande ule wa mji wakae wachache na upande huu tubanane.

Jibu lipo kwenye historia ya Dar es Salaam yenyewe. Mwaka 1914 Wajerumani waliugawa mji kwa kanda za ujenzi. Kanda ya kwanza nyumba za kizungu, ya tatu vibanda vya Waafrika, ndiyo iliyokuja kuwa Kariakoo. Waingereza wakaendeleza, na uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka wa kututenganisha nao, eti kwa sababu za afya. Wazee wetu waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mpango kabambe wa 1949 ukazivalisha suti: ujazo mdogo kwa Wazungu, wa kati kwa Wahindi, mkubwa kwa Waafrika. Uhuru ukaja, rangi ikafutwa kwenye karatasi, maneno yakabaki. Leo hayauliziwi ngozi, yanauliziwa pochi.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa ndipo kijana anapoumia. Viwango vya mipango miji vya mwaka 1997 viliweka kiwanja cha ujazo mkubwa kati ya mita za mraba 400 na 800, cha kati 801 hadi 1,600, na cha ujazo mdogo 1,601 hadi 4,000. Baadaye vilipunguzwa, lakini fikra ni ileile: kiwanja halali ni kikubwa kuliko mfuko wa mtu anayeanza maisha. Huku mtaani dalali anakuuzia 10 kwa 15. Piga hesabu, hiyo ni mita za mraba 150, haifiki hata nusu ya ile 400. Na mara nyingine sio mita, ni hatua, na mwenye kuzihesabu ni dalali mwenyewe mwenye miguu mifupi.

Kwa hiyo mtu mwenye kipato kidogo ana njia mbili. Aende mbali kabisa, Chanika au kule mwisho wa Kigamboni, alipe nauli maisha yake yote. Au anunue kipande kisichopimwa karibu na kazi yake. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Mji wa watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, halafu tunaambiwa wavunja sheria ni wale wengi? Sheria ambayo wengi hawawezi kuitii kwa sababu ya bei ina kasoro yenyewe.

Lakini kuilaumu sheria hakutakuokoa wewe unayenunua mwezi huu. Kitu cha kwanza, muhuri wa serikali ya mtaa kwenye mkataba wa mauziano unaonyesha kwamba mmeuziana. Hausemi eneo hilo limepangwa liwe nini. Linaweza kuwa limepangwa shule, makaburi, eneo la wazi au hifadhi ya barabara. Waulize wa Kimara waliokuwa pembeni ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017. Anayejua ni afisa mipango miji wa halmashauri, na kinachojibu ni mchoro wa mipango miji, wenyewe wanauita TP. Nenda nao pale ofisini, au upate namba yake, kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Ukijenga juu ya mchoro uliokwishaidhinishwa, siku ya kudai fidia hoja yako inakuwa nyepesi sana.

Kwa wenye hati, tafadhali itoeni kabatini muisome. Hati sio picha ya ukutani, ni mkataba wenye masharti, na nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu ambacho hakuna aliyewatafsiria. Humo kuna muda wako wa kumiliki, miaka 33, 66 au 99. Kuna matumizi: makazi tu, au makazi na biashara. Na kuna ratiba ya kujenga: kwa kawaida uwasilishe ramani za jengo ndani ya miezi 6, na uwe umemaliza ndani ya miezi 36. Kukiuka masharti ni sababu ya kufutiwa miliki, na mwenye mamlaka ya kufuta ni Rais. Mnaoweka viwanja vya kusubiri bei ipande, mmesikia.

Halafu suala la fremu. Kila mwenye nyumba barabarani anataka kuvunja ukuta wa mbele aweke fremu tatu apangishe. Simlaumu, maisha magumu. Lakini kama hati inasema makazi tu, unatakiwa kwanza uombe kubadili matumizi, na majirani wana haki ya kupinga. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayokulinda pale jirani anapotaka kuigeuza nyumba yake kuwa baa inayopiga muziki hadi alfajiri, au gereji inayomwaga oili kwenye mtaro wenu.

Ndiyo maana sikubaliani na makamanda wanaoandika kwamba mwenye ardhi aachwe ajenge anavyotaka. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi pale katikati ya jiji, watu 36 wakafariki. Iliripotiwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Fundi wa 10 kwa 15 anawekewa X kwa choo kilichogusa mpaka, halafu ghorofa zinaongezeka hewani mchana kweupe mbele ya kila ofisi. Hapo tatizo ni sheria kufuata pesa, na hilo ni suala la siasa mia kwa mia.

Tunachopaswa kudai ni viwanja vidogo vinavyokubalika kisheria, vyenye barabara na maji vilivyotengwa tangu mwanzo, badala ya kusubiri watu wajibane wenyewe halafu urasimishaji uje miaka kumi baadaye kuwachangisha. Na ghorofa za chini, tatu au nne, karibu na vituo vya mabasi, ambazo mwalimu na muuguzi wanaweza kumiliki kipande. Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo tunayo tangu 2008. Kilichopo ni kwamba inawafaa zaidi wa Masaki kuliko wa Mbagala. Afadhali ujazo mkubwa uliopangwa Temeke kuliko kuusukuma mji hadi mpakani mwa Pwani na kulipia kila kilomita ya bomba.

Maamuzi haya hayafanyiki Dodoma peke yake. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji, ina kamati ya madiwani ya mipango miji, na vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Hata pale ambapo hatuna diwani hata mmoja, kiti cha msikilizaji kipo. Kila tawi la vijana liandike barua moja kwa mkurugenzi mwezi huu, liombe kuona mchoro wa mipango miji wa kata yake na orodha ya maombi ya kubadili matumizi yaliyopitishwa mwaka huu. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakijibu, leteni jibu tuliweke hapa. Wasipojibu ndani ya siku 30, leteni hiyo nakala.