Mwanafunzi wa Nchiru na Riziki ya Kesho

Ashikaye barabara itokayo mjini Meru kwenda Maua hufika Nchiru, mahali ambapo makao matakatifu ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, yamekuwa jirani ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Nami kila nipitapo hapo huikumbuka gaaru, ile nyumba ya vijana wa Kimeru wa zamani, ambamo kijana alilala, akafunzwa adabu na wajibu wa utu uzima, na alipofikwa na majonzi akaliwazwa na wenziwe, yote hayo chini ya paa moja. Sisi tumeyatenga. Katika vyuo vyetu ushauri nasaha aghalabu una chumba chake na mwongozo wa kazi una chumba chake, na wako wanafunzi wamalizao miaka minne bila ya kuingia hiki wala kile.

Nashikilia kwamba mtengano huo ndio asili ya udhaifu wa huduma zote mbili, kwa kuwa dhiki ya moyo na hofu ya riziki, kwa mwanafunzi wa Kenya, ni jambo moja.

Tazama karo inakotoka. Katika Igembe na Tigania, upande wa Meru, hutoka katika miraa, na huko Mbeere, upande wa Embu, hutoka katika muguka, majani ya kutafunwa ya jamii ya miraa. Na mazao haya mawili soko lake liko mikononi mwa watu wasiomjua mkulima. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, Somalia ilipoufunga mlango wake mwaka 2020 na kutoufungua hata 2022, na kaunti za Pwani, Mombasa ikiwamo, zilipoukataza muguka mwezi wa Mei 2024, waliotaharuki hawakuwa wakulima na wachuuzi peke yao, bali pia watoto wao waliokuwa wakingojea mitihani hali karo haijatimia. Kijana wa namna hii huyajua mambo ya soko kama ajuavyo ratiba ya masomo yake. Tena wako wanaoutafuna usiku kucha muguka uo huo ili wasome, wakapambazukiwa bila ya usingizi, na mwili wao ukaanza kulipa deni la pili.

Juu ya hayo pakaja mtindo mpya wa ufadhili wa mwaka 2023, uliogawa gharama ya masomo baina ya msaada wa serikali, mkopo na sehemu ya mzazi, kwa kadiri ya uwezo wa nyumba uliopimwa. Insafu ilikuwamo katika nia yake, sikatai. Lakini mapato ya miraa hupanda na kushuka kwa majuma, na kipimo cha mara moja hakiwezi kuyafuata. Kisha mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mtindo huo unakiuka Katiba, shauri likaingia katika rufaa, na mwanafunzi akabaki katikati, hajui muhula ujao utalipwa kwa sheria gani.

Mwanafunzi huyo akienda kwa mshauri, ataambiwa alale mapema, apange siku yake, asijitenge na wenzake. Ni maneno mema na ya kweli. Lakini arudipo katika chumba chake cha kupanga atayakuta yaliyomtoa usingizi yangali pale pale: baki la karo, kodi ya chumba, na mafunzo ya kazini ambayo hajapata pa kuyafanyia, na ambayo hata akiyapata, mara nyingi atafanya kazi miezi mitatu bila ya ujira huku akijilipia nauli na chakula.

Liko na jambo jingine lisilosemwa kwa sauti. Katika vyuo vingi ofisi isimamiayo maslahi ya wanafunzi ndiyo hiyo hiyo ishughulikayo na nidhamu yao, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayeifunua siri ya moyo wake mbele ya meza ambayo kesho yaweza kumshitaki. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Ikiwa sheria ya nchi imekubali kwamba aliyekata tamaa ni mgonjwa wa kuuguzwa, vyuo navyo havina budi kumtenga mshauri na hakimu, kwa ofisi mbali na kwa watu mbali.

Watakuwapo watakaonijibu kwamba chuo hakizalishi ajira, na kwamba si kila huzuni hutokana na riziki: yuko aliyefiwa, na yuko aliyeachwa na mpenzi. Ni kweli, na kwa hao mshauri aliyefunzwa kazi yake hana badala. Wala sidai kwamba chuo kiahidi kazi. Nadai kwamba mshauri na mwongozaji wa kazi wakae pamoja na wasikizane, ili aliyekuja kwa kukosa usingizi asirudishwe bila ya kuulizwa habari za karo na mafunzo ya kazini. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake mwaka 2016, kimetokana na shule ya kilimo; na kilimo, tangu ugatuzi, ni kazi ya kaunti. Basi chuo na kaunti na waafikiane, mwanafunzi wa kilimo akafanyie mafunzo yake Siakago au Kiritiri, kwa posho ya nauli na chakula, katika mashamba ya muguka ambayo wenyewe wanahitaji mtu wa kuwaonyesha zao jingine la kuongeza pembeni. Hapo kijana atakuwa anajifunza kazi, na pia anaitazama kwa macho yake ile hofu iliyokuwa ikimsumbua kitandani.

Na haya yasingoje mwaka wa nne. Yaanze siku ile ya kwanza ya kupokea wanafunzi wapya, wakati mzazi aliyetoka Maua usiku bado amesimama langoni na sanduku la bati na bahasha ya risiti; mshauri na atoke nje, awakaribishe wote wawili, awape viti, na aanze kwa kuuliza habari za shamba.